Pua ya Bi Somoe

Kilwa Kivinje nzima ilijua kwamba Katarina binti Xaveri hakubali kushindwa na jiko. Alikuwa mpishi mkuu wa nyumba ya wageni ya serikali kule Masoko, Mmakonde mrefu mwenye sauti nene na ulimi usio na kufuli, na katika mambo ya gesi hakuna aliyemfikia kuanzia Kilwa mpaka Lindi. Hilo si langu, alilisema mwenyewe, tena mara nyingi.

Alilirithi kwa baba yake. Marehemu mzee Xaveri alitunza jiko la gesi la mapadri kwa miaka ishirini, na katika miaka hiyo aliungua mara moja tu, siku ya kwanza, jiko lilipomla nyusi zote mbili. Zilipoanza kuota tena alimwita bintiye akamkalisha chini. "Gesi hii ni kiumbe mvivu," alimwambia. "Haipandi juu kama moshi. Ikitoroka hulala sakafuni, inangoja moto uifuate." Katarina aliyaweka maneno hayo moyoni, akayaongezea kiburi kidogo cha kwake.

Sasa, mwaka ule wa sabini na nne, watu wakiwa mbioni kuhamia vijiji vya ujamaa, jiko la gesi liliteremshwa kutoka kwenye lori mbele ya nyumba ya Mzee Fakihi. Lilikuwa na vichwa viwili vya moto, mpira wake, na mitungi miwili iliyojaa. Mwanawe Abdala, mfanyakazi wa bandari Dar es Salaam, alikuwa amemletea mama yake.

Mama mwenyewe, Biasha, alikuwa amekaanga vitumbua miaka thelathini juu ya moto wa makumbi na vifuu vya nazi, na moshi wa miaka hiyo yote ulikuwa umehamia kifuani mwake. Alikuwa hamalizi maneno. Akianza kumwambia mumewe, "Fakihi, leo ukienda sokoni usisahau—" kikohozi kinamkata, na Fakihi anaondoka bila kujua asisahau nini. Daktari hakumzungusha. "Mama," alimwambia, "chagua moja, moshi au pumzi. Vyote viwili huna umri navyo tena."

Kwa hiyo jiko lile halikuwa pambo. Tatizo lilikuwa nani alifunge. Katarina siku hizo alikuwa Masoko na wageni wa serikali, ndipo akaitwa Damiani, fundi baiskeli, kijana mwema anayejua kukaza kila kinachokazika. Lakini Mzee Fakihi alikuwa mtu wa dini na balozi wa nyumba kumi, na kwake mwanamume asiye maharimu havuki pazia la uani hata nyumba ikiwaka. Basi Damiani akakaa barazani, akafunga jiko kwa mdomo.

"Kichwa kile cha shaba kikazeni juu ya mtungi!" alipiga kelele kuelekea ndani.

"Tumekaza!" walijibu wanawake wawili nyuma ya pazia.

"Mpira uingizeni mpaka mwisho!"

"Umeingia!"

"Na mtungi usikae penye joto!"

"Hautakaa!"

Akanywa kahawa yake akaenda zake, na wanawake wakatii kila neno. Mpira ulipogoma kuingia waliupaka mafuta ya nazi, ukaingia vizuri sana. Na kwa kuwa mtungi haukutakiwa kukaa penye joto, waliuweka mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, kwenye shimo la jikoni linalokaa kasiki la maji, kina cha mkono mzima chini ya sakafu. Ungewalaumu kwa lipi?

Siku ya tatu, jiko likiwa bado halijawashwa na Biasha akipikia uani huku akimngoja Katarina, nyumba ilianza kunuka. Jirani mmoja alisema panya kafia darini, mwingine akasema kabichi imeoza, na wa tatu, ambaye hakuulizwa, akasema mwenye nyumba aangalie kama hajamkanyaga jini. Aliyeudhika kuliko wote alikuwa Bi Somoe, dada mkubwa wa Mzee Fakihi. Bi Somoe alikuwa mchanganyaji wa udi. Miaka arobaini, kila Alhamisi kabla ya magharibi, alikuwa akifukiza nyumba hiyo chumba kwa chumba, na watu waliopita barabarani walipunguza mwendo ili wanuse. Kwake yeye harufu mbaya ilikuwa na dawa moja tu, harufu nzuri. Jumanne alifukiza sebuleni. Jumatano alifukiza vyumbani. Alhamisi akasema potelea mbali, nafukiza jikoni kwenyewe.

Alhamisi hiyo ndiyo Katarina aliyorudi. Salamu za Biasha zilikuwa zimemfikia, njoo utazame jiko, naye aliteremka kwenye basi akaja moja kwa moja na kikapu chake. Alipiga hodi barazani, akapita, na alipofika kwenye pazia la uani harufu ilimpiga usoni. Akamwona Bi Somoe anavuka ua taratibu, ameshika chetezo mikononi kwa kitambaa, makaa mekundu juu yake, hatua tatu kutoka kizingiti cha jiko.

Katarina hakutoa shikamoo. Alimfikia kwa hatua mbili, akakipokonya chetezo kile kwa mikono mitupu, akageuka nacho mbio kupita pazia, kupita sebule, kupita miguu ya Mzee Fakihi barazani, akakimwaga katikati ya mchanga wa barabara.

Njia nzima ilisimama. Mzee Fakihi aliinuka na tasbihi yake.

"Binti Xaveri," alisema, "umetoka kwenu kuja kumwaga udi wa nyumba yangu? Leo Alhamisi?"

"Shikamoo, mzee," Katarina alisema akihema. Viganja vyake vilikuwa vimeiva. "Ningeianza shikamoo hiyo kule uani, saa hii mngekuwa mnaokotwa minazini. Ninyi, na nyumba, na udi wenyewe."

Akarudi ndani. Alifunga koki ya mtungi, ambayo hakuna aliyewaambia wanawake waifunge, akafungua milango na madirisha, akakataza mtu yeyote asiguse kiberiti wala taa. Kisha akachukua ungo, akachutama, akaanza kupepea sakafu kuelekea mlango wa nje, na hasa lile shimo. Mzee Fakihi alisimama akamtazama mwanamke anayepepeta hewa.

"Imelala humu," Katarina alimwambia bila kuinua kichwa. "Siku tatu inamiminika shimoni kama maji. Mngeleta kaa moja hapa, basi." Akauvuta mpira kwa vidole viwili, ukachomoka wenyewe. "Na huu mmeupaka mafuta. Kilichoingia kwa mafuta kitatoka kwa mafuta. Isitoshe mafuta huuozesha mpira."

"Tulitaka uingie," alisema Biasha, "maana ulikuwa mgumu na Damiani alisema—" Kikohozi kikamkata.

Mzee Fakihi alikuwa amekwisha kuamua. "Lori la kesho alfajiri litaondoka na kitu hiki. Sitaki kuzikwa na watu wangu kwa ajili ya vitumbua."

Katarina alimtazama Biasha, aliyeshika ukuta kwa mkono mmoja na kifua kwa mkono mwingine. Lori likiondoka na jiko, mwanamke huyu atarudi kwenye makumbi, na kwenye makumbi hatamaliza mwaka. Hilo halikuhitaji daktari.

"Mzee, nipe kesho peke yake," alisema. "Nitalifunga kwa mikono yangu. Na likinuka baada ya hapo, nitalibeba kichwani mpaka Dar es Salaam kwa miguu."

"Wallahi," alijibu Mzee Fakihi, "likinuka tena, hata mara moja, halilali nyumbani kwangu."

"Na iwe hivyo!" alisema Katarina. Alikuwa na uhakika na kazi yake, na kweli alikuwa na haki ya kuwa nao. Lakini kiapo kile alikipokea haraka mno, kwa kichwa kilichovimba, na kingekuja kumtafuta.

Kesho yake, Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini, Katarina alifanya kazi. Mtungi aliutoa shimoni, akausimamisha wima nje, nyuma ya ukuta wa jiko, juu ya jukwaa la mawe, akaujengea kijibanda cha makuti usipigwe na jua. Ncha ya mpira iliyolainika kwa mafuta aliikata akaitupa, na siku hiyohiyo akamwagiza Abdala mpira mpya. Ukuta aliutoboa kwa patasi. Damiani, Mkristo mwenzake aliyekuja kwa aibu, alimpa kipande cha bomba la fremu ya baiskeli, wakakipitisha tunduni ili mpira usikwaruzwe na mawe, pamoja na vibano viwili vya chuma vya kuukaza kila upande. Safari hii Damiani alisimama nje kwa mtungi, Katarina ndani kwa jiko, wakaonana kupitia tundu. Mwishoni alitoboa tundu jingine chini kabisa ya ukuta, usawa wa sakafu, akaliwekea waya kuzuia panya.

"Hili la nini tena?" aliuliza Biasha.

"Mlango wa mvivu," alisema Katarina. "Akitoroka, apate pa kutokea. Usije ukaliziba hata kwa kanga."

Akakoroga sabuni bakulini, akaipaka kwa unyoya wa kuku kwenye kila kiungo, wakangoja. Povu likatulia tuli. "Lingekuwa linavuja lingechemka mapovu. Kila mtungi ukibadilishwa, sabuni kwanza. Na kiberiti kitangulie, koki ifuate. Ukifungua koki kwanza halafu ukaanza kutafuta kiberiti, waulize nyusi za baba yangu." Biasha akawasha. Moto ulitoka wa buluu, mfupi, umetulia, bila moshi hata uzi mmoja. Biasha aliusogelea, akavuta pumzi, akavuta nyingine, kisha akalia waziwazi mbele ya fundi wake.

Ilibaki kazi moja, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kutoboa ukuta. Bi Somoe alikuwa hajasema na Katarina tangu jana. Katarina alimfuata chumbani, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, Bi Somoe. Hii ya leo na ile niliyoiruka jana."

"Weye," alisema bibi, "umenipokonya chetezo mbele ya wifi yangu kama mtoto aliyeshika kisu."

"Nimekosa adabu, naomba radhi. Lakini nimekuja na shida. Pua yangu inashinda na gesi kila siku, imechoka, na harufu ndogo hainijii tena. Nataka pua ya kulilinda jiko la Mama Abdala, na Kivinje hii pua ni yako. Kila alfajiri, kabla ya moto wowote, unuse chini sakafuni, halafu unuse kwenye mtungi. Ukisema kuna kitu, hakuna kiberiti."

Bi Somoe alijifunga kanga yake upya. "Marahaba," alisema hatimaye. "Sakafu yenyewe ifagiliwe basi, siwezi kunusa vumbi."

Wiki zikapita. Kila alfajiri, baada ya kusali, Bi Somoe aliinama jikoni paji la uso likikaribia sakafu, kisha akazunguka nje kunusa mtungi, akatoa hukumu. "Hamna kitu. Washa." Biasha akaanza kupata usingizi wa moja kwa moja. Watu wakasema vitumbua vyake havina ladha ya moshi, wengine kwa kusifu, wengine kwa kulalamika.

Mtungi wa kwanza uliisha wiki ya saba, asubuhi ya Alhamisi, Katarina akiwa Masoko. Yeye aliagiza wazi, mtungi ukiisha nisubirini. Lakini Biasha alikuwa amechanganya unga wa watu, na unga wa vitumbua haungoji mtu. Akafungua kichwa cha shaba, akakifunga juu ya mtungi mpya, akakaza kwa nguvu zake zote, akakaanga, akauza. Sabuni hakupaka.

Jioni hiyo Katarina, aliyepata lifti ya kurudi Kivinje, aliona afadhali awapitie. Alisikia ugomvi tangu barazani. Alipotoka nyuma ya nyumba alimkuta Bi Somoe amesimama mbele ya kile kijibanda cha makuti, mikono ameitandaza kama kipa, na Biasha mbele yake kashika chetezo kinachowaka.

"Nipishe, wifi," alisema Biasha. "Nafukiza kidogo tu."

"Tangu lini weye unafukiza nyumba hii? Tena mtungi? Nanusa, Biasha! Chini ya udi wako nanusa!"

Ndoo ya kuoshea vyombo ilikuwa pembeni. Bi Somoe aliinyanyua kwa miaka yake yote sabini, akaimwaga juu ya chetezo. Makaa yalilia, na udi wake ghali, alioupika mwenyewe kwa siku nne, ukageuka tope. Alhamisi ile, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini, nyumba ya Mzee Fakihi haikufukizwa.

Katarina alikuwa amekwisha kuifunga koki. Alijaribu kunusa, hakunusa kitu. Akaleta sabuni, akafungua koki kidogo sana, na pale kichwa cha shaba kinapokutana na mtungi povu likachemka. Alifunga tena, akakitoa kichwa, akakitazama. Ule mpira mdogo wa duara unaokaa ndani yake haukuwamo. Waliukuta chini mchangani, mahali ulipoangukia asubuhi.

"Ulikuwa unajua kwamba linanuka?" alimwuliza Biasha.

Biasha alijibu akitazama chini. "Tangu mchana. Fakihi yuko Miteja kwenye shamba la ujamaa, anarudi jioni hii. Aliapa, Katarina. Likinuka mara moja tu halilali hapa. Nilisema nilifunike, angalau leo."

Katarina aliketi juu ya jiwe. Hasira yote aliyokuwa ameiandaa ilimwishia, maana alikiona kiapo kile kimekaa mbele yake, na alijiona yeye mwenyewe akikiitikia kwa mbwembwe. Alikuwa amefundisha nyumba nzima kunusa, halafu akakubali kwamba atakayenusa ataadhibiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani aliyewafundisha kuyaficha?

Mzee Fakihi alirudi jembe begani, mavumbi mpaka kwenye kofia. Hakuna aliyempa maji kwanza. Dada yake alimwambia akiwa bado amesimama.

"Limenuka."

Mzee alilitua jembe polepole. "Mimi niliapa," alisema, na hakuonekana kufurahi.

"Uliapa, mzee, na mimi nikakuitikia," alisema Katarina. "Wote wawili tumekosea. Jiko la gesi kunuka si dhambi yake, ni wema wake. Gesi yenyewe haina harufu, imetiwa uvundo makusudi ili ituite. Leo iliita tangu mchana, na mkeo aliisikia, akanyamaza, akaenda kuifunika kwa makaa ya moto. Kwa nini? Kwa kukuogopa wewe. Kilichotaka kuiunguza nyumba hii ni kiapo chako. Kubwa lililotuokoa ni kwamba mtungi uko nje penye upepo, na Bi Somoe ana pua."

Hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia Mzee Fakihi maneno hayo nyumbani kwake. Alikitazama chetezo kilicholowa. Akamtazama dada yake aliyelowa pia. Mwisho akamtazama mkewe, ambaye kwa wiki saba alikuwa akilala bila kukohoa.

"Kiapo kina mlango wake," alisema. "Atakayeona heri katika kukivunja, akivunje, atoe kafara. Maskini kumi, wale washibe." Akavua kofia, akaikung'uta. "Na jiko likae. Kuanzia leo atakayenusa kitu humu ndani aseme kwa sauti, usiku au mchana, na atakayenyamaza ndiye atakayenikosea."

Jumapili Katarina alitoka kanisani akaja kukaza upya kichwa cha mtungi, mpira wake mdogo ukiwamo ndani, naye Biasha ndiye aliyepaka sabuni mwenyewe. Barazani walikwisha kukaa watu kumi wa kafara, wajane wanne, vipofu wawili, na wazee waliohamishwa mashambani wakiwa hawajavuna. Wote walijua kisa, kwa hiyo walingoja kimya Bi Somoe alipoinama jikoni, akanusa sakafu mara tatu, akazunguka nje, akarudi.

"Hamna kitu," alitangaza. "Washa."

Pilau iliiva kwenye moto mmoja na mchuzi kwenye mwingine. Watu walikula, wakaomba dua, wakaongezewa. Mzee Fakihi alikuwa anapita na birika la kunawisha, ameridhika na nafsi yake, mkewe aliposimama nyuma ya pazia akaanza.

"Fakihi, nilikwambia tangu mwaka juzi ukienda sokoni usisahau kuninunulia sinia kubwa, kila siku ninaanza kukwambia na kila siku unaondoka, leo nina wageni kumi na ninapakua kwa zamu kama niko jeshini, na ule mlango wa uani nilikwambia umelegea, na kanga uliyoniahidi Idi sijaiona, na dada yako naye udi wake umelowa na wa kuulipa ni wewe!"

Baraza lilicheka. Mzee Fakihi alisimama na birika mkononi, akasikiliza mpaka neno la mwisho. Ilikuwa miaka mitano tangu amsikie mkewe akimaliza.

"Haya, mama Abdala," alisema. "Anza tena lile la sinia."